Namba Niliyoifuta Mara Tatu

Jumatano ya pili ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, nilimpoteza dada yangu Zaina kwenye barabara inayoteremka kutoka Bugeshi. Alikuwa amekaa kiti cha mbele cha pikapu yake mwenyewe, na pikapu ilikuwa imezima. Mwisho wa mwezi huohuo niliacha kazi ya ufundi. Pale gereji ya Mbugangari waliniandalia soda na mandazi, wakasema maneno mazuri, na hakuna hata mmoja aliyeitaja pikapu. Basi nitaitaja mimi.

Mafundi vijana waliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu skana, ile mashine ndogo unayoichomeka chini ya usukani ikakupa namba ya ugonjwa wa gari. Wanataka kujua mtu asiye na pesa nyingi anunue ipi na aache ipi. Nitawaandikia. Lakini sitaandika kama zile karatasi za dukani zinazosifu kila kitu. Nimesoma mpaka darasa la sita, na nina hasira. Yote mawili mtayaona humu.

Niliingia ufundi wa magari nikiwa mtu mzima. Baba yangu alikuwa mshonaji, nami nilishona kofia na kanzu mpaka kaguwa, zile nguo za mitumba, ilipojaa sokoni na watu wakaacha kushonesha. Nikaenda kwa Mzee Lukundo, fundi aliyevuka mpaka wa nchi kutoka Goma zamani na kufungua gereji ya mabati Mbugangari. Aliniuliza ninajua nini. Nikamwambia najua sindano. Akasema, "Bon. Mutu wa sindano iko na macho. Vaa kombinezo."

Siku yangu ya kwanza waliburuta kwa kamba teksi moja iliyozima kwenye mlima wa Mahoko. Dereva alikuwa anatukana gari, barabara na aliyemuuzia. Lilikuwa gari la yale yaliyotangulia, yasiyo na tundu la skana chini ya usukani. Mzee Lukundo alitoa mfukoni kipande cha waya kilichomenywa ncha zote mbili, akafungua kisanduku kidogo kilichokuwa chini ya boneti, akaunganisha vijitundu viwili, kisha akaniambia niketi ndani nitazame taa ya injini kwenye dashibodi.

"Itakonyeza. We hesabu."

Taa ikakonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili. Halafu ikarudia.

"Umepata ngapi?"

"Moja, halafu mbili."

"Kumi na mbili. Kamata chaki, andika."

"Niandike wapi, Mzee?"

"Kwa boneti, upande wa ndani! Unataka kuandika kwa Biblia?"

Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema boneti haina dini. Nikaandika 12 kwa chaki, na chini yake, kama alivyotaka, nikaandika saa, mahali gari lilipozima, na kwamba lilizima likiwa moto. Ndipo akanieleza. Namba hiyo ilimaanisha kompyuta ya gari haisikii tena kama injini inazunguka, kwa hiyo inakata moto. Kwenye gari lile, sikio la kusikilizia lilikuwa ndani ya delko, kile kikopo kinachogawa moto kwa plagi. Likipata joto linaziba. Akalowesha kitambaa, akakizungushia delko, akawasha sigara. Kabla sigara haijafika nusu akamwambia dereva apige stati. Gari likawaka.

Dereva akafurahi, akataka kuondoka. Mzee akachukua ufunguo.

"Hiyo si kupona. Hiyo ni kumupepea mugonjwa. Leta piesi mupya, ndiyo utaenda."

Namba ya 12 haikufutwa siku hiyo. Kuifuta kwenye magari yale kulitaka kung'oa fyuzi na kusubiri, na Mzee alifanya hivyo mwisho kabisa, kipuri kikishafungwa na gari likishajaribiwa mlimani. Kwanza unaandika, pili unatengeneza, tatu unafuta. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Sikujua ilikuwa tabia ya mzee mmoja.

Miaka mingi ilienda hivyo, na sitawachosha nayo. Mzee Lukundo alifariki kitandani kwake, watoto wake wakarudi Goma, gereji ikabaki kwangu na kwa Bosco. Bosco alikuwa amesoma chuo cha ufundi. Ana mikono mizuri kuliko yangu na mdomo mkubwa kuliko wa sisi wote. Ninamtaja kwa sababu yumo, na nimemwambia kwamba yumo.

Kisha yakazidi magari yenye tundu chini ya usukani, lile la matundu madogo kumi na sita. Waya wa mzee haukuwa na kazi tena. Tukavuka kwenda Goma kununua skana, miaka ile mpaka wa nchi ulipokuwa unapitika bila kufikiria mara mbili. Mama muuza vipuri alitupangia tatu juu ya meza.

"Hii ndogo ya bulu unaweka, inaongea na telefone yako. Hii kubwa ya waya inasoma moteri, breki na airbag, inasema Kifaransa, inakuonyesha gari ilikuwa namna gani siku ilipata shida."

"Na hii nyingine?"

"Hii iko na buto mbili tu, baba. Kusoma na kufuta. Hata mutoto anaweza."

"Donc inatutosha," Bosco akasema. "Sisi tuko watoto."

Tulicheka wote watatu, na tukainunua ile ya vitufe viwili. Sitawadanganya kwamba hatukuweza ile kubwa. Tungesubiri wiki chache tungeipata. Tulitaka kurudi na kitu siku ileile.

Sasa sikilizeni kasoro yake, maana bado inauzwa, na ninaiona mikononi mwenu. Ukibonyeza kusoma, inakupa herufi moja na tarakimu nne, basi. Maana yake ilikuwa kwenye kitabu cha Kiingereza chenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mimi Kiingereza sijui. Bosco anakijua kidogo, na kitabu kilipotea mwezi wa pili, nadhani kiliwashia jiko. Lakini kitufe cha kufuta hakikuhitaji kitabu. Unabonyeza, taa inazima, mteja anatabasamu. Kusoma kukawa kazi ngumu, kufuta kukawa rahisi. Mtu akipewa chombo cha namna hiyo, baada ya muda atafanya lililo rahisi tu, na ataliita ujuzi.

Sisi tuliliita "futa kwanza, tuone." Maneno ni ya Bosco, mazoea ni yangu na yake. Gari linaingia na taa ya injini, hatuulizi. Tunafuta, tunamwambia mteja, "Zunguka nayo. Kama iko kitu cha kweli, itarudi." Na mara nyingi haikurudi. Barabara za mawe ya volkano zinatikisa kila waya, kifuniko cha tangi kinalegea, maji yanaingia kwenye soketi, taa inawaka bila sababu kubwa. Kwa hiyo tulipata sifa. Watu walikuja kutoka Mahoko kufutiwa taa. Wengine walikuja asubuhi ya siku ya kupeleka gari kwenye ukaguzi, wakiwa na haraka, nasi tukawafutia. Gereji nyingine zikaiga. Leo ukipita Mbugangari utasikia fundi ambaye hajawahi kuniona akisema "futa kwanza" kama vile imetoka kwenye kitabu.

Ukweli mwingine niuseme hapa hapa. Hata siku tuliposoma, hatukusoma vizuri. Tuliwahi kupata namba ya kapteur ya moshi, ile sensa inayonusa moshi kwenye bomba, katika basi dogo la mfanyabiashara mmoja. Tukamnunulisha kapteur mpya. Taa ikarudi siku ya tatu. Tukamnunulisha nyingine. Kumbe bomba la moshi lilikuwa na tundu linalopitisha kidole, juu kidogo ya ile kapteur, hewa inaingia na kuidanganya. Kapteur ya kwanza ilikuwa nzima na ilikuwa inasema kweli. Namba inakwambia utazame wapi, haikwambii ununue nini. Tazama waya, tazama soketi, tazama bomba, ndipo ulaumu kipuri. Yule bwana hakurudi kwetu, na alifanya vizuri.

Sasa pikapu. Zaina alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliolewa Bugeshi na mkulima Mkristo, mtu mtaratibu, akafiwa naye, akabaki na binti yake Mwajuma, mashamba ya viazi na kifua cha pumu. Baridi ya kule juu haikumpenda, lakini yeye aliipenda. Alinunua pikapu ya petroli iliyotumika, na aliyemchagulia ni mimi. Niliizunguka, nikaisikiliza, nikamwambia chukua. Lilikuwa gari zuri. Hata leo ni gari zuri.

Mara ya kwanza alikuja nayo gereji siku ya soko, viazi nyuma, taa ya injini imewaka.

"Yaya," alisema, maana huku ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, "gari yako ilinizimia kwa mulima. Nilikaa kama mutu anangoja bwana arusi."

"Ikawaka tena?"

"Ilipopoa. Nikauza kilo mbili za viazi palepale, siko mujinga."

Nikafuta. Taa ikazima. Akanipa viazi.

Mara ya pili ilikuwa baada ya wiki kadhaa, maneno yaleyale, imezima ikiwa moto, imewaka ilipopoa. Bosco ndiye aliyekuwa na skana mkononi. Akanitazama, nikamwambia futa. Simlaumu kwa hiyo ya pili. Kidole kilikuwa chake, amri ilikuwa yangu.

Mara ya tatu Zaina alishuka garini, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue kidevu.

"Leo muangalie vizuri, yaya. Mi siko mutu wa kutembea na taa."

"Zaina, ingekuwa kitu, ingerudi."

"Si imerudi mara mbili?"

Mafundi wote walicheka. Hata mimi nilicheka. Halafu nikabonyeza.

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara nimetaka kuiongezea kitu. Kwamba kulikuwa na magari sita kwenye foleni. Kwamba mvua ilikuwa inakuja. Vilikuwepo hivyo vyote. Lakini kubonyeza kusoma kungechukua muda uleule.

Jumatano ile pumu ilimshika Zaina tangu alfajiri. Kituo cha afya walimpa dawa, wakaona haimtoshi, wakasema ateremshwe hospitali mjini. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshateremka na mama anayejifungua, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Pikapu ilikuwepo. Mwajuma alikuwa ametoka nayo shambani na mzigo, injini ikiwa moto. Wakateremsha magunia, wakampandisha mama yake, wakaondoka. Katikati ya njia ikazima.

Mwajuma alinipigia simu. Nilikuwa chini ya gari la mtu.

"Mjomba, gari imezima. Taa imewaka."

"Inazunguka ukipiga stati?"

"Inazunguka, haishiki."

"Acha kupiga, utamaliza betri. Subirini ipoe, itawaka. Mama yako anaijua."

"Mama anapumua vibaya. Iko lori ya viazi inakuja nyuma, niisimamishe?"

Nikamuuliza kama mama yake anaweza kupanda kwenye lori. Akasema labda wakimbeba. Niliwaza lori lilivyo juu, niliwaza pumzi yake ikikatika wakimnyanyua, niliwaza kwamba pikapu ile huwa inapoa na kuwaka. Nikamwambia, "Usimsumbue. Subiri. Itawaka sasa hivi."

Lori likapita.

Kama ningekuwa nimeisoma ile namba hata mara moja kati ya tatu, ningejua ni kapteur ya krenki, ile inayosikiliza mzunguko wa injini, ugonjwa uleule wa namba kumi na mbili nilioelezwa siku yangu ya kwanza. Ningemwambia Mwajuma, fungua boneti, chukua lile dumu la maji, mwaga pale chini karibu na puli, hesabu mpaka mia, washa. Dumu la maji lilikuwepo nyuma ya kiti. Siku zote Zaina alibeba maji.

Simu ya pili Mwajuma alisema, "Mjomba, mama haongei." Nikachukua pikipiki. Nilipofika watu walikuwa wamesimama kando ya gari, wanaume wamevua kofia, mama mmoja anasema "Mana we, Mana we," yaani ee Mungu, kwa sauti ndogo. Mwajuma alikuwa amemkumbatia mama yake kichwa. Nikafungua mlango wa dereva, nikakaa, na sijui kwa nini, kwa mazoea tu, nikazungusha ufunguo.

Ikawaka palepale.

Tulimrudisha nyumbani kwa gari hilohilo. Lilienda vizuri njia nzima.

Msibani watu waliniambia ni siku yake ilikuwa imefika. Ninaamini kila mtu ana siku yake. Lakini naona watu wanaitumia imani hiyo kama sisi tulivyotumia kile kitufe. Bosco alikuja siku ya tatu na sukari na mchele, akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Mukomere, Fundi, jipe moyo. Ni Mungu."

"Mungu hakubonyeza."

Akaisogeza ile sukari kando ya mkeka.

"Nasi hatukujua," akasema.

"Hatukujua kwa sababu tulifuta. Usiseme hatukujua kana kwamba lilikuwa jambo la kufichwa. Gari lilisema mara tatu, Bosco. Tulilifunga mdomo mara tatu."

"Unataka nifanye nini sasa? Nitupe skana kwenye ziwa?"

"Nataka ukae kimya."

Alibaki mpaka watu walipoondoka, akasaidia kukunja mikeka. Hilo nalo ni kweli.

Nilimkataza kila mtu kuigusa pikapu. Baada ya siku saba nilikwenda mjini kununua skana nyingine, kwa pesa yangu, siyo ya gereji. Muuzaji alikuwa kijana wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza nataka ya bei gani. Nikamwambia aache bei, nimuulize mimi kwanza. Na haya ndiyo niliyomuuliza. Yashikeni, maana ndiyo mliyoniomba.

Nilimuuliza kama inasema kwa maneno, na kwa lugha ninayoisoma. Zipo zenye Kifaransa ndani, ukifungua unaichagua. Skana inayokupa namba tupu utaiacha kusoma ndani ya mwezi mmoja, sikupi muda zaidi. Nilimuuliza kama inaonyesha ile picha ya hali ya gari wakati kosa lilipotokea: joto la maji, mzunguko wa injini, mwendo wa magurudumu. Picha hiyo inafutika pamoja na namba ukibonyeza kufuta, na haipatikani tena popote. Nilimuuliza kama inaonyesha injini inavyofanya kazi sasa hivi, siyo jana tu. Nilimuuliza kama inakuuliza tena kabla ya kufuta, na kama kufuta kumewekwa mbali na kusoma. Akacheka kidogo kwa swali hilo. Nilimwangalia mpaka akaacha.

"Na hii ya kuunganisha na simu, mzee wangu? Watu wengi wanaipenda, ni rahisi sana."

"Simu ni ya nani?"

"Ya fundi."

"Fundi akienda kula?"

Kwa mwenye gari lake moja nyumbani, ile ya simu si mbaya, mradi usikimbilie ya bei ya chini kabisa, kuna zinazokatika katikati ya kusoma. Kwa gereji, nunua ya waya yenye kioo chake. Inayosoma breki na mifuko ya hewa ni nzuri ukiiweza, lakini usijinyime injini yenye maneno ili upate breki zenye namba tupu. Mwisho, usilipe kabla hujaijaribu kwenye gari unalolijua. Yapo magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, ya zamani kidogo, tundu lina umbo lilelile lakini haliongei na skana hizi. Utatukana skana bure. Nilimwambia kijana tutoke nje, tukachomeka kwenye gari lake mwenyewe. Kumbe nalo lilikuwa na namba. Hakujua. Nikamwambia aiandike.

Nilipanda Bugeshi nikachomeka kwenye pikapu. P0335, na chini yake kwa Kifaransa, kapteur ya krenki, njia ya umeme. Nikafungua ile picha. Maji ya moto. Magurudumu yanaenda. Mzunguko wa injini: sifuri. Nilikuwa nikiitazama ile dakika barabarani, imeandikwa kwa tarakimu.

Halafu nikafanya jambo moja zaidi, kwa sababu nilitaka kujua. Nilikuwa nimebeba ile skana ya zamani. Niliichomeka, nikabonyeza kile kitufe kingine, ambacho sikuwahi kukibonyeza kwenye gari la dada yangu. Ikafikiri kidogo. P0335. Namba ileile. Mkononi mwangu, miezi yote ile. Kwa hiyo yeyote atakayesema tatizo lilikuwa kifaa cha bei rahisi, mwambieni mimi nimesema si kweli. Kifaa kizuri kitakusaidia usiwe mvivu. Hakitakuzuia ukitaka.

Nilikagua waya, nilikagua soketi, vilikuwa vizima. Kapteur inashikwa na bolti moja. Moja. Niliitoa nikiwa nimelala chali juu ya gunia, nikafunga mpya, nikaandika namba na siku kwa chaki ndani ya boneti. Kisha nikapakia magunia ya viazi na kwenda nayo mpaka Mahoko, nikapandisha mlima mara mbili, nikaisimamisha juani ikinguruma, boneti imefungwa ili joto likae. Nilikuwa nakaribia kuiomba izime. Haikuzima.

Nilimrudishia Mwajuma ufunguo uani kwao, alipokuwa anachagua viazi vya mbegu. Nikampa ile kapteur ya zamani aione. Akaigeuza kwenye kiganja.

"Ilikuwa hii tu?"

"Hiyo tu."

"Na kama ungejua siku ile?"

"Ningekwambia umwage maji."

Niliogopa atasema haidhuru, maana hiyo ingenishinda kuvumilia. Hakusema. Akaiweka juu ya ukuta, akaenda kuwasha gari, akaniuliza mbona taa ya injini bado imewaka. Nikamwambia kwamba sikufuta, ingawa sasa ndipo inaporuhusiwa, gari likishatengenezwa. Nikamnyooshea skana mpya, nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Usifute," akasema. "Mi sitaki mutu afute kitu."

Nikamweleza kwamba gari likiwa limepona kweli, kompyuta yake inajiangalia safari baada ya safari, na ikiridhika inaizima taa yenyewe bila mtu kugusa. Akasema basi tungoje, tutaona kama umetengeneza.

Nilipomaliza mwezi nikaacha kazi, kama nilivyosema. Skana mpya nimeiacha gerejini, na ile ya vitufe viwili nimempa Bosco mkononi. Sijui amefanya nini nayo.

Siku ya nne baada ya kumrudishia gari, Mwajuma alipiga simu asubuhi.

"Mjomba, taa imezima. Yenyewe."

"Na gari?"

"Niko kwa mulima, na magunia. Ngoja."

Nikasikia mlango, nikasikia boneti ikifunguliwa. Aliiweka simu karibu na injini, nami nikaisikiliza ikinguruma.